Fildi ya utafiti chuoni likizo ndefu: uzoefu wangu maabara ya udongo, Mbeya

Mleta mada, umeuliza kama ni busara kubaki Mbeya likizo ndefu na kufanya fildi (mafunzo kwa vitendo) kwenye mradi wa utafiti wa mhadhiri wako, wakati wenzako wanakimbilia halmashauri na kwenye makampuni ili wapate koneksheni. Hiyo ya kwanza nimeipitia, kwenye maabara ya udongo ya chuo kimoja hapahapa Mbeya, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu kidogo. Jibu langu ni kwamba ubaki, ila kwanza uhakikishe watakushirikisha kwenye swali lenyewe la utafiti. Wakikuita kwa ajili ya kazi za mikono tu, nenda halmashauri.

Mradi wetu ulihusu tindikali kwenye udongo wa mashamba ya viazi na mahindi huku Uporoto, maeneo ya Isyonje na vijiji vya juu yake. Wakulima walilalamika kwamba wanaweka DAP (mbolea ya kupandia yenye fosforasi) kila msimu na mavuno yako palepale. Ukikaa nao utaambiwa mbolea siku hizi ni feki. Lakini udongo wa volkano wa milima ile una tabia ya kuing'ang'ania fosforasi, mmea ukaambulia kidogo sana hata kama mbolea ni halali. Na pH (kipimo cha tindikali: namba ikiwa ndogo, tindikali ni nyingi) ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyomo kwenye udongo inaanza kuyeyuka na kudumaza mizizi. Darasani tulifundishwa haya yote. Shambani ndiko yaliponiingia.

Julai kule juu ni baridi ya kweli, asubuhi unakuta majani yameganda barafu. Unazunguka shamba kwa mwendo wa zigizaga, unachimba kila kituo kwa kekee hadi sentimita 20, udongo wote unautia kwenye ndoo moja, unachanganya, kisha unachukua kama nusu kilo na kuandika lebo. Ndoo iwe ya plastiki. Ya bati ina zinki, na zinki ikiingia kwenye sampuli umeharibu kipimo cha zinki kabla hata hujafika maabara. Hili hakuniambia kitabu, aliniambia fundi sanifu wa maabara, mzee mmoja mtaratibu ambaye namshukuru mpaka leo.

Kwenye shamba mojawapo, baada ya shikamoo na maelezo yetu, mama mwenye shamba aliniuliza: "Mwanangu, majibu mtatuletea, au mtabeba udongo wetu muondoke kama wale wa mwaka juzi?" Sikuwa na la kumjibu, nikamtazama msimamizi. Akamwahidi majibu yatarudi, na kweli kabla likizo haijaisha tulirudi kijijini tukakaa na wakulima, kila mmoja na karatasi ya shamba lake. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha mradi wa utafiti wa kujiunga nao. Mradi usio na mpango wa kurudi kwa watu waliotoa sampuli, mara nyingi hauna mpango na mwanafunzi pia.

Maabara ni kazi ya subira. Udongo unaanikwa kivulini, unatwangwa, unachekechwa kwa chekeche la milimita 2. Unapima gramu 10, unatia mililita 25 za maji yaliyokenekwa (distilled), unatikisa, unaacha utulie, ndipo unasoma pH. Kabla ya hapo mashine imeshasahihishwa kwa vimiminika vya pH 4 na pH 7. Ukiona watu wanaruka hatua hii, usiamini namba zao. pH 5 ina tindikali mara kumi ya pH 6, na tofauti ya 0.3 tu ni kama mara mbili.

Sasa sikiliza hili. Sampuli moja ilitoka 6.8 wakati jirani zake zote ziko kwenye 5. Tukarudia, ikabaki vilevile. Wengine wangeifuta. Msimamizi akasema, "Nendeni mkaulize shamba." Tukarudi, na mwenye shamba akatueleza kwamba kona ile ndipo wanapochomea mabua kila mwaka, na maboga ya pale hunenepa kuliko ya kwingine. Majivu yalikuwa yamefanya kazi ya chokaa, yaani kupunguza tindikali. Kikao cha kijiji kilipofika, habari ya chokaa haikuhitaji maelezo marefu, maana mfano ulikuwa shambani kwao. Nilijifunza zaidi kwenye sampuli ile moja kuliko kwenye muhula mzima wa vipindi.

Si wote wanaopata bahati hii. Rafiki yangu alikwenda maabara nyingine, likizo nzima akaosha vyombo na kuingiza namba kwenye kompyuta bila kuambiwa zinapima nini. Logibuku ikajaa mihuri, lakini ukimuuliza alichofanya hawezi kukueleza. Hiyo inaniuma, kwa sababu kijana alikuwa na akili na hamu. Kwa hiyo kabla hujakubali, mfuate mhadhiri ofisini, umuulize kwa heshima mradi unatafuta kujua nini, nani atachambua data, na wewe utaandika sehemu gani. Anayekuthamini atafurahi kuulizwa.

Kuhusu hela: mradi wetu ulilipa nauli na chakula cha siku za shambani tu. Kama una mkopo, Bodi ya Mikopo ina fungu la mafunzo kwa vitendo, ila usipange maisha ukitegemea liingie mapema. Na ongea na mratibu wa fildi wa idara yako mapema akubali kimaandishi kwamba mradi huo unahesabika kuwa fildi.

Mdau mmoja hapo juu kakushauri uombe programu za kiangazi za Marekani. Zile za REU (fildi za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza) zinazofadhiliwa na NSF, mfuko wa sayansi wa serikali ya Marekani, ni za raia na wakazi wa kudumu wa Marekani, usipoteze muda. CERN, maabara ya fizikia ya chembe kule Geneva, wao hupokea pia wanafunzi wa nchi zisizo wanachama, kama unasoma fizikia, uhandisi au kompyuta. Kwa agronomia, mabonde na milima ya huku ina maswali ya kutosha, na TARI Uyole (kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) iko hapo mjini ukikosa nafasi chuoni.

Ukishajua mradi wa mhadhiri wako unahusu nini, rudi uandike hapa. Kama ni wa udongo, daftari langu la shambani bado ninalo, nitakupigia picha zile kurasa za fomu ya sampuli uone tulivyokuwa tunajaza.