Mabehewa Yalipangwaje Katika Treni za Zamani za Marekani?

SWALI: Mhariri, katika picha za treni za abiria za Marekani za miaka ya 1950 naona mabehewa ya mbele karibu hayana madirisha, ilhali la mwisho limeviringwa nyuma na kujaa vioo. Je, mpangilio huo ulikuwa na sababu?

JIBU: Ulikuwa nazo. Nyuma ya injini ya dizeli yalifuata mabehewa ya mizigo na ya posta, ambamo abiria hawakuruhusiwa kuingia. Ndani ya behewa la posta makarani walichambua barua wakiwa wamesimama huku treni ikienda kasi, na katika stesheni ndogo ambako haikusimama, mkono wa chuma uliochomoza mlangoni ulinyakua mfuko wa barua uliotundikwa kwenye nguzo kando ya reli.

Kisha yalikuja mabehewa ya viti, halafu la chakula, na baada yake ya kulala. La chakula kwa kawaida liliwekwa katikati kwa makusudi, ili abiria wa viti wasipite kwenye vyumba vya waliolipa zaidi. Ubaguzi wa nauli, ukipenda kuuita hivyo.

California Zephyr, iliyoanza safari mwaka 1949 kati ya Chicago na Oakland, ilikuwa na mabehewa matano yenye kuba la vioo juu ya paa, ambamo abiria aliketi akitazama Milima ya Rocky pande zote. La tano ndilo lililofunga msafara, likiwa na sebule iliyoviringwa ya aina hiyo uliyoiona pichani.