Vidonge vinavyofika ubongoni: muulize daktari haya kabla ya kuuza kiwanja

SWALI: Shikamoo daktari. Dada yangu alitolewa titi kwa sababu ya saratani mwaka 2022, akamaliza dripu za dawa ya Herceptin vizuri. Juzijuzi akaanza kuumwa kichwa kila asubuhi na kutapika. MRI imeonyesha vivimbe viwili ubongoni. Tumesikia kuna vidonge vinavyofika huko, na ndugu wanataka tuuze kiwanja apelekwe India. Tufanyeje? – Mdogo mtu, Morogoro

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Kiwanja kisubiri kwanza. Tafuteni karatasi ya majibu ya kinyama kilichopimwa 2022, muangalie palipoandikwa HER2. Kwa kuwa alipewa Herceptin, natarajia mkute alama ya 3+, au 2+ iliyothibitishwa kwa kipimo cha ziada. HER2 ni protini iliyozidi kwenye seli za uvimbe, na vidonge mnavyovisikia vinaishambulia hiyo. Kwa mgonjwa asiyekuwa nayo ni pesa ya bure.

Dada hakukosea chochote. Herceptin ina molekuli kubwa, na mishipa ya damu ya ubongo ina kizuizi kinachoizuia isipenye vya kutosha. Ndiyo maana saratani inaweza kutulia mwilini kote ikaibukia kichwani.

Tukatinibu, ambayo sokoni inaitwa Tukysa, ina molekuli ndogo. Marekani iliiidhinisha Aprili 2020 baada ya utafiti wa wagonjwa 612, karibu nusu yao wakiwa na saratani ubongoni. Wagonjwa wa aina hii huachwa nje ya tafiti nyingi, jambo linaloniuma, kwa hiyo huu nauthamini sana. Kati ya hao wenye saratani ubongoni, waliotumia Tukysa pamoja na Herceptin na Xeloda (vidonge vya kemo), takriban robo walimaliza mwaka ugonjwa ukiwa haujasonga mbele. Kwa waliopewa Herceptin na Xeloda tu, hakuna aliyefika hapo. Haiponyi, mwanangu, ila inaongeza muda wa kuishi, na muda huo una thamani.

Humezwa asubuhi na jioni, mwezi hadi mwezi, maadamu inafanya kazi na mwili unaihimili. Kwa hiyo msiulize bei ya boksi moja. Ulizeni ya mwaka mzima. Inaharisha, na ini lazima lipimwe mara kwa mara. Mitishamba msimpe bila daktari wake kujua.

Tena huenda dawa hiyo isiwe hatua ya kwanza. Vivimbe viwili mara nyingi huweza kupigwa mionzi ya kulenga, bila kuchoma ubongo wote, au kimoja kikatolewa kwa upasuaji. Kama kwingine mwilini kumetulia, daktari anaweza kuishia hapo kwa sasa. Nendeni Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, na karatasi zote, muulize hilo kwanza.

Akiwa amepewa deksamethasoni ya kupunguza kuvimba kwa ubongo, asiikatishe ghafla hata akijisikia nafuu. Na akipata degedege, au mkono ukilegea, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali iliyo karibu usiku huohuo.