Prosesa mpya imetangazwa, dukani haipo: nisubiri au ninunue iliyopo?

Mkuu, umeuliza kwa nini prosesa inatangazwa kwa kishindo halafu madukani haionekani, na kama kuna haja ya kuisubiri. Kabla ya kuangalia bei, angalia mshindani anatoa nini wiki hiyo hiyo.

Machi 6, 2000, kampuni ya AMD ilitoa prosesa ya Athlon yenye kasi ya gigahezi 1. Siku mbili baadaye mshindani wake, Intel, ikaja na Pentium III ya kasi hiyo hiyo. Mwishoni mwa Julai Intel ikasukuma mbele zaidi, gigahezi 1.13. Wakaguzi walipoipa kazi ya kukompaili kerneli ya Linux (kugeuza msimbo wa moyo wa mfumo huo kuwa programu, kazi nzito kwa prosesa), ikashindwa kumaliza, na kabla Agosti haijaisha Intel ikairudisha kiwandani. Chipu zinazotoka kiwanda kimoja hazilingani: nyingine huhimili kasi kubwa, nyingine hapana. Kwa kawaida kampuni huuza kwa kasi iliyo chini kidogo ya kikomo, ili joto na umeme vikibadilika mashine isiyumbe. Ushindani ukibana, akiba hiyo ndiyo ya kwanza kuliwa, na volti huongezwa kufidia. Chipu zinazofika kiwango hicho huwa chache, ndiyo maana dukani huzioni.

Ila ushindani huo huo ndio unaotushushia bei, tuseme ukweli. Machi 2017 Ryzen 7 1800X ya AMD ilikuja na viini 8 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja) kwa dola 499, wakati i7-6900K ya Intel yenye viini 8 ilikuwa juu ya dola 1,000. Mwaka 2019 i9-10980XE ya Intel ilitoka kwa dola 979. Iliyoitangulia, yenye viini 18 vile vile, ilikuwa dola 1,979.

Wengi huumia kwenye mazabodi, ile bodi kuu inayobeba prosesa. Aliyenunua i7-7700K ya viini 4 Januari 2017 aliona i7-8700K ya viini 6 Oktoba mwaka huo huo. Soketi (tundu la kuchomekea prosesa) ni ile ile, LGA1151, lakini mazabodi za awali, za Z270, haziikubali rasmi. Ilitakiwa mazabodi mpya ya Z370, na zile za bei nafuu, B360 na H310, zilifika Aprili 2018. Prosesa ilikimbizwa sokoni, mazabodi zikabaki nyuma. Kwa hiyo piga hesabu ya vyote viwili.

Soma pia dhamana: i9-9900KS ilipewa mwaka 1 badala ya 3 ya kawaida. Kwenye wati (umeme ambao prosesa hutumia), usiishie namba ya kwanza. I9-14900K imeandikwa 125, lakini ikikaza inaruhusiwa kufika 253, na kipoozeo kinunuliwe kwa namba hiyo ya pili. Majaribio ya dakika mbili hayakuambii kitu. Tafuta ya nusu saa, viini vyote vikifanya kazi.

Ukichukua mazabodi iliyokaa dukani kwa prosesa mpya, baiosi yake (programu ya ndani ya mazabodi inayowasha mashine) inaweza kuwa ya zamani na mashine isiwake. Chagua yenye kitufe cha kusasisha baiosi bila prosesa, na flashi utakayowekea baiosi mpya iwe imefomatiwa kwa FAT32.