Programu ya picha: kabla hujaingia, ulizia mlango wa kutokea

Nikiulizwa programu gani ya bure inafaa kupangia picha, huwa najibu kwa swali: siku programu hiyo ikiachwa na wenyewe, kazi yako yote itabaki wapi?

Picasa, programu ya kupangia picha kwenye kompyuta, ilipendwa mno, na ilistahili. Google waliinunua mwaka 2004, wakaigawa bure, kisha mwaka 2016 wakaacha kuishughulikia. Picha za watu zilibaki salama kwenye folda zao. Lakini marekebisho ambayo mtu hakuyahifadhi ndani ya picha yalikuwa yameandikwa pembeni, kwenye kijifaili cha Picasa ambacho programu nyingi hazina habari nacho. Ndiyo maana mimi sitazami kwanza uzuri wa sura wala wingi wa vitufe.

Kwenye kompyuta natumia digiKam, iwe Windows, Mac au Linux. Mara ya kwanza inatisha, vitufe vimejazana kila upande; vingi hutavigusa kamwe. Muhimu ni kuingia kwenye mipangilio na kuhakikisha lebo na maelezo vinaandikwa ndani ya faili lenyewe, si kwenye hifadhidata (kumbukumbu ya ndani) ya programu pekee. Hapo lebo ya "harusi" utaikuta hata ukihamia kwingine. Mwenye Linux anayetaka kitu chepesi, Shotwell inamtosha, ila nayo chaguo hilo huja limezimwa. Liwashe kabla hujaanza kuweka lebo.

Kuhariri nako wengi hujitwika mzigo wasiouhitaji. Wanapakua GIMP, wanaona madirisha yake, wanakata tamaa. Kama unataka kukata pembe, kunyoosha picha iliyolala na kuongeza mwanga, Snapseed kwenye simu inatosha, au IrfanView kwa wa Windows (ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, na inapunguza ukubwa wa picha nyingi kwa mkupuo). Ila hifadhi kazi yako kwa jina jingine. JPEG, aina ya faili ya picha nyingi za simu, hupoteza ubora kidogo kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya, na ile ya asili ikishafunikwa hairudi.

Kwa kushirikiana na wengine, Google Photos ni rahisi: unatengeneza albamu, unatuma kiungo. Kumbuka tu kwamba GB 15 za bure zinagawanywa na barua pepe zako za Gmail na mafaili ya Drive, na tangu Juni 2021 kila picha mpya unayopakia inahesabiwa. Naitumia kuonyeshea watu. Picha zenyewe zinakaa kwenye kompyuta na nakala kwenye diski ya nje.

WhatsApp hubana picha, hivyo anayetaka kuichapisha kwenye karatasi mtumie kama dokumenti. Lakini dokumenti huenda na kila kilichomo, pamoja na mahali picha ilipopigwa kama simu ilirekodi. Picha za nyumbani zinazokwenda kwa nisiowafahamu, nafuta kwanza mahali hapo kwa digiKam. Za ndugu naziacha zilivyo.