Mzee wa Uwanja anajibu: Jiwe halimuulizi mtu medali

SWALI: Mzee wa Uwanja pole na kazi. Mwaka 2008 nilikuwa darasa la pili, tulikuwa tunakaa Burnt Forest karibu na Eldoret, tukahama usiku na mama na mpaka leo tuko Nakuru. Sasa juzi kazini jamaa mmoja anasema wale wakimbiaji wa Eldoret ndio walikuwa wanalipia vita ile ya baada ya uchaguzi wa 2007. Mimi hawa watu nawashangilia kila marathoni, nawekea hadi kengele kwenye simu. Nimebaki njia panda mzee, niendelee kushangilia ama niwache? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na umsalimie mama.

Maneno ya huyo jamaa hayakutoka hewani. Februari 2008 International Crisis Group, shirika linalochunguza migogoro duniani, walitoa ripoti, na ndani yake kulikuwa na madai kwamba baadhi ya wanariadha, hasa waliopitia jeshini, walivisaidia vikundi vya vijana kwa pesa na usafiri. Wanariadha wakakana, viongozi wao wakakana, na mimi sijasikia mkimbiaji yeyote wa jina aliyehukumiwa kwa jambo hilo. Kwa hiyo ni madai, yashike hivyo hivyo kama madai. Simaanishi kila mkimbiaji alikuwa malaika, mtu akishajua kukimbia haimaanishi ameacha kuwa na kabila, shamba na hasira.

Lakini huyo jamaa amekupa nusu ya hadithi. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007 jioni, na kesho yake tu Lucas Sang akauawa pale nje ya Eldoret. Sang ni yule wa mita 400 aliyekimbia Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, mzee wa watu, mkulima. Siku hiyo hiyo Luke Kibet akapigwa jiwe la kichwa akapoteza fahamu, na Kibet alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni, hata miezi mitano haijaisha tangu ashinde Osaka kwenye lile joto la Agosti! Halafu Januari, huko Trans Mara, Wesley Ngetich akapigwa mshale akafa. Ngetich alikuwa ameshinda marathoni ya Grandma's kule Minnesota mara mbili, 2005 na 2007. Nani aliyemuuliza Kibet kama ana medali kabla ya kurusha jiwe?

Ngoja nikwambie kitu ambacho watu wa mbali hawakifikirii. Mkimbiaji wa Iten au Eldoret anaamka saa kumi na moja, kuna giza na baridi, anatoka na wenzake ishirini thelathini wanashika barabara ya vumbi, na ndiyo siri yenyewe ya mazoezi yetu, kundi, maana peke yako huwezi kujivuta kilomita 35 kwa ile kasi. Sasa fikiria Januari 2008, barabara zimefungwa kwa mawe na magogo, matairi yanafuka, vijana wanasimamisha matatu wanataka kitambulisho wasome jina, halafu mwenye nyumba asikie vishindo vya wanaume ishirini wanakuja mbio alfajiri. Atajuaje kama ni mazoezi? Kwa hiyo makundi yakavunjika, wengine wakawa wanazunguka uani kama kuku, wengine wakaacha kabisa kwa wiki kadhaa. Wenye mameneja wenye uwezo walitolewa, Martin Lel na wenzake wakapelekwa Namibia kujiandaa. Wasio na meneja wakabaki na hofu yao, na hao majina yao huwezi kuyaona popote kwa sababu msimu wao uliisha kabla haujaanza.

Mkataba wa amani wa Rais Kibaki na mpinzani wake Raila ukasainiwa tarehe 28 Februari. Wakati huo zaidi ya watu 1,100 walishakufa, na nyinyi mlikuwa kati ya mamia ya maelfu waliohama. Tarehe 13 Aprili London wakamaliza Lel wa kwanza, Samuel Wanjiru wa pili, sekunde tisa tu kati yao, mmoja Mkalenjin mmoja Mkikuyu, makabila yaliyokuwa yanapigana. Mimi siku ile nilizima redio baada ya mbio nikakaa kimya, sikutaka kusikia mwanasiasa yeyote akiidandia. Agosti Wanjiru akaleta dhahabu ya Beijing, ya kwanza kwa Kenya kwenye marathoni ya Olimpiki.

Endelea kushangilia ndugu yangu. Ila ukikutana na jina, msome huyo mtu na alichofanya yeye, usimpe mzigo wa lugha anayoongea kwao. Na huyo jamaa wa kazini muulize alikuwa wapi siku Sang anauawa.

SWALI: Mzee mimi na washkaji tumebishana kijiweni mpaka chai ikapoa. Yule mshambuliaji Drogba alisimamisha vita kwao Ivory Coast, ndiyo au hapana? Kuna soda mbili hapa. – Msomaji, Mwanza

JIBU: Soda moja moja basi.

Ni kweli kwamba Oktoba 2005, baada ya kuipiga Sudan 3-1 kule Omdurman na kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, Drogba alishika maiki chumba cha kubadilishia nguo, wachezaji wote wakapiga magoti mbele ya kamera wakaomba watu waweke silaha chini. Na ni kweli pia kwamba Juni 2007 mechi ya Madagascar ilipelekwa Bouaké, mji uliokuwa ngome ya waasi, wakashinda 5-0. Lakini angalia tarehe vizuri, mkataba wa Ouagadougou ulishasainiwa Machi 2007, kwa hiyo ile mechi ilikuwa kama harusi baada ya posa kukubaliwa. Halafu mwisho wa 2010 uchaguzi ukaharibika, vita ikarudi, wakafa watu kama 3,000, na Drogba yule yule alikuwepo na magoti yake yale yale. Simdharau hata kidogo, alifanya kuliko wengi. Ila mtindo wa kumwambia mchezaji "wewe ndiye utatupatanisha" huku wenye bunduki wanakunywa chai hotelini, huo siupendi.

Ukitaka mfano wa kazi ya polepole mtazame Tegla Loroupe, mkimbiaji wetu wa zamani wa marathoni. Tangu 2003 anaandaa mbio za amani kule Kapenguria, Wapokot, Waturkana na Wakaramojong wa Uganda wanaoibiana ng'ombe wanakimbia barabara moja. Hazijamaliza wizi wa mifugo, lakini zinarudi.

SWALI: Shikamoo mzee. Nimekaa na mtoto wa dada yangu kutoka Goma, ana miaka 17, ni kipa, na mzuri kweli. Tangu afike hapa Dar hataki hata kugusa mpira, pikipiki ikipiga kelele barabarani anajikunja. Mume wangu anasema tumlazimishe, mpira utamponya. – Mama mlezi, Temeke

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie shemeji apunguze haraka.

Januari 2010 basi la timu ya Togo lilimiminiwa risasi Cabinda, jimbo la Angola, wakienda AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika. Alikufa kocha msaidizi Abalo Amelete na msemaji wa timu Stanislas Ocloo, na kipa Kodjovi Obilalé risasi ikammalizia kazi yake ya mpira. Timu ikarudishwa nyumbani kwa msiba, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, ninyi mnisamehe, wakaifungia Togo mashindano mawili kwa kujitoa! Adhabu ilifutwa miezi kadhaa baadaye baada ya kelele. Adebayor, nyota wa timu hiyo, alikuwa ndani ya basi lile, na Aprili akaacha timu ya taifa akisema yale aliyoyaona bado yanamwandama. Mtu mzima, tajiri, ana madaktari wa klabu, na bado alihitaji zaidi ya mwaka ndipo akarudi. Sembuse mtoto wa Goma?

Usimlazimishe. Mpeleke kwanza hospitali, uulize kitengo cha afya ya akili, useme wazi ametoka vitani na anaruka akisikia mshindo. Halafu jioni pitia naye uwanjani kama mnaenda dukani, mkae pembeni mtazame wengine, usiseme neno kuhusu ukipa. Glavu ziweke mahali anapoziona. Akizichukua, niandikie.