Msimamishe mtu ndani ya boti kabla hujawasha mwanga

Picha ya kwanza ya boti ya kifahari niliyoibuni kwenye kompyuta niliimaliza usiku wa manane, na niliipenda mno. Omo, yaani pua ya boti, lilichongoka kama kisu, vioo vyeusi vilitambaa kutoka mbele hadi nyuma bila kukatika, na bahari ilikuwa ya buluu ile ya kwenye kalenda. Kazi yangu ya kila siku ni kutengeneza picha za majengo kabla hayajajengwa, maghorofa ya Dar es Salaam na hoteli za pwani, kwa hiyo habari za mwanga na vioo nazijua. Nikamtumia mhandisi mmoja wa meli. Kuhusu mwanga hakusema neno. Aliuliza mambo mawili tu: sitaha ya chini, yaani ghorofa ya chini ya boti, ina kimo gani kutoka sakafuni hadi darini, na chombo kina uzito gani.

Sikuwa na jibu hata moja. Nikarudi kwenye modeli, nikaingiza umbo la mtu wa mita 1.75, nikamsimamisha katika chumba cha wageni. Kichwa kikapenya dari na kutokeza sebuleni. Kisha nikaikata modeli kwenye usawa wa maji ili nipime ujazo wa sehemu iliyozama. Blender, programu ninayoundia modeli na picha, ina kiongezi kiitwacho 3D Print Toolbox ambacho hukupa ujazo papo hapo. Nilipata mita za ujazo 115. Chombo huelea pale kinaposukuma maji yenye uzito sawa na wake, na mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi. Maana yake boti yangu ya mita 42, ya chuma, yenye injini mbili, matangi ya mafuta, marumaru bafuni na bwawa dogo juu, ilipaswa kuwa na tani 118 tu. Mhandisi akaniambia nifikirie tani 300 au karibu na hapo. Ingeshushwa majini ingezama kupita kabisa mstari niliouchora, na lile jukwaa la kuogelea la nyuma lingefunikwa na maji.

Tangu siku hiyo naanza na vitu viwili: mtu na mstari wa maji. Mwanga unasubiri.

Ukianza hivyo, urembo wote unabadilika. Mtu anahitaji mita 2.1 za kusimama bila kuinama. Juu ya dari yake weka sentimita 40 nyingine za mihimili, nyaya na mabomba ya viyoyozi. Kwa hiyo toka sakafu hadi sakafu ni mita 2.5, na sitaha tatu zikipangwa moja juu ya nyingine chombo kinakuwa kirefu kwenda juu kuliko ulivyotamani. Hapo ndipo ubunifu wenyewe unapoanza. Namna ya kukifanya kionekane kimelala majini ni kurudisha nyuma kila sitaha ya juu, kunyoosha mstari mmoja mrefu ubavuni, na kupaka rangi ya giza sehemu unayotaka jicho lisiione. Mwangalie Jon Bannenberg, mbunifu wa boti, Mwaustralia aliyefanyia kazi zake London. Boti ya Carinthia VI aliyoibuni, ikaundwa na kampuni ya Lürssen ya Ujerumani na kuingia majini mwaka 1973, ilikuwa na mita 71, na hadi leo ukitazama picha yake unaona kitu chembamba chenye kasi. Nilikaa na picha za ubavu wake jioni nzima, nikichora juu yake mistari mitano tu. Fanya zoezi hilo kabla hujafungua programu yoyote.

Wageni weka 12, si zaidi. Sheria za kimataifa hukihesabu chombo chenye abiria zaidi ya 12 kuwa meli ya abiria, na masharti yake ni mengine kabisa. Tena chunga tani za ujazo, zile zinazoitwa GT. Kanuni yake iko katika mkataba wa kupima meli wa mwaka 1969, na hutazama ujazo wa sehemu zote zilizofungwa, haina habari na uzito. Modeli yangu ya pili ilikuwa na mita za ujazo 1,800, ambazo zinatoa kama GT 477. Nikaongeza sebule ya vioo juu kabisa, mita za ujazo 150, na hesabu ikaruka hadi 518. Nilikuwa nimevuka 500, mpaka ambao ukiupita sheria za usalama zinakuwa nzito zaidi, na ndiyo sababu wabunifu wengi huhangaika kubaki chini yake. Nikaiondoa sebule, nikaacha sitaha ya wazi ya kuota jua. Picha ikapendeza zaidi, kwa sababu umbo lilipumua juu.

Sasa kuhusu ngozi ya chombo, ambayo naipenda kuliko yote. Nungwi, kaskazini ya Unguja, majahazi bado yanaundwa ufukweni. Nilimwona fundi akichuchumaa penye omo, akafumba jicho moja na kuangalia ubao mzima hadi tezi, sehemu ya nyuma. Akasogeza taruma moja, ule ubavu wa mbao wa ndani, kwa upana wa kidole, akachuchumaa tena. Alikuwa akitafuta pale mkunjo unapokatika. Kwenye kompyuta jicho hilo tunalo: katika Rhino, programu nyingine ya kuundia modeli, kuna kipimo cha Zebra, kinachopaka modeli michirizi kama ya pundamilia. Michirizi ikitiririka bila kupinda ghafla, ubavu umenyooka. Ikivunjika, pana kifundo, na rangi ya kung'aa itakitangaza kwa kila mtazamaji. Usijaribu kukificha kwa vumbi au ukungu wa picha. Rudi upunguze nukta za mkunjo, zile unazozivuta kuupa umbo; mara nyingi kosa ni kuwa na nukta nyingi mno. Mimi huunda ubavu Rhino kisha nahamia Blender kwa mwanga, lakini Rhino inauzwa na Blender ni ya bure, kwa hiyo anayeanza abaki Blender tu asijisikie mnyonge.

Maji ndiyo yanayowaangusha wengi, nami yaliniangusha. Mawimbi makubwa mno hugeuza boti ya mita 42 kuwa mwanasesere ndani ya beseni. Ukitumia kirekebishi cha Ocean cha Blender, kinachotengeneza uso wa bahari, hakikisha vipimo vyako ni vya mita halisi, halafu ongeza vijiwimbi vidogo vidogo hadi mtu wako akisimama karibu navyo aonekane mtu. Na kama boti inatembea, usibuni mkondo wake kwa kukisia. Mawimbi inayoyaacha nyuma hufunguka kama herufi V, kila upande kwa nyuzi 19.5 hivi kutoka kwenye njia yake. Mwanafizikia Kelvin alilieleza jambo hilo karne ya 19. Ubavuni, kwa mwendo wa noti 12 (maili 12 za baharini kwa saa), kilele kimoja cha wimbi na kinachofuata hutengana kwa mita 24 hivi. Boti yangu ina mita 39 kwenye mstari wa maji, na chombo cha aina hiyo huanza kupambana na wimbi lake chenyewe kikikaribia noti 15. Kwa hiyo povu lile la boti za mashindano nililokuwa nimelimwaga pembeni lilikuwa uongo, nikalifuta.

Kamera nayo iweke mahali ambapo mpiga picha angeweza kuwa: ndani ya mashua ndogo, au angani kwenye helikopta. Zoea la picha za vyumba, lenzi pana ya milimita 24, litavuta omo hadi liwe refu la kutisha. Natumia milimita 85 nikiwa mita 120 mbali. Kwa sensa ya milimita 36 picha inabeba upana wa mita 50, chombo kizima na nafasi kidogo mbele yake.

Jua lilinifundisha kitu ambacho mtu wa kwetu ni rahisi kukisahau. Sisi tumezoea jua la utosini. Nilikuwa nimeipeleka boti yangu Monaco, mahali penye maonyesho makubwa ya boti hizi kila Septemba, lakini kivuli nilikiacha cha Dar es Salaam. Monaco mwishoni mwa mwezi huo jua likifika kilele liko nyuzi 45 hivi tu juu ya upeo. Nilipolishusha, uvungu wa omo ulipata mng'ao kutoka majini, na ile mikunjo niliyoihangaikia ikaonekana yote.

Rangi nyeupe usiiweke nyeupe kabisa. Iache chini ya asilimia 85 ili upande wa jua usiungue. Sitaha ya mtiki ichore ubao kwa ubao, na kalafati nyeusi, ile inayoziba nafasi kati ya mbao, ya milimita chache katikati, ifuate mkunjo wa ukingo. Taa nyekundu hukaa kushoto, ya kijani kulia, ukitazama kuelekea omo. Ukiipindua picha kama kioo ili ikae vizuri kwenye ukurasa, taa zitahama, na baharia atakugundua mara moja.

Video usiitoe moja kwa moja kama faili la video. Toa picha mojamoja. Umeme ulinikatikia alfajiri kazi ikiwa imebaki kidogo nikapoteza usiku mzima. Siku hizi naendelea pale nilipoishia.

Toleo la tatu nilimtumia mhandisi yuleyule: mchoro wa ubavu wenye vipimo na picha mbili. Akauliza mabaharia watapita wapi kwenda kufunga kamba za mbele bila kukatiza sebule ya wageni. Safari hii jibu nilikuwa nalo. Yule mtu wa mita 1.75 nilikuwa nimeshamtembeza njia hiyo, ubavuni kulia, kutoka tezi hadi omo.