Uliza Dokta wa Macho: Namba sahihi, ila miwani inanitesa

SWALI: Shikamoo dokta. Nina wiki ya tatu na miwani mpya, nikiivaa sakafu inakuwa kama imeinama, alafu ikifika saa tisa mchana macho yanawaka kama yameingia mchanga na kichwa kinagonga. Kazi yangu ni kompyuta kutwa. Mama anasema miwani inakula macho, niwe naivaa mara moja moja tu yasije yakazoea. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba. Mama mheshimu ila kwa hili usimsikilize. Miwani haili macho. Namba, yaani nguvu ya lenzi unayohitaji, inapanda kwa sababu jicho la kijana linaendelea kurefuka, na ukigonga 40 hivi lenzi ya ndani ya jicho inaanza kukakamaa, uvae usivae. Ukivua unaona ukungu zaidi ya zamani kwa sababu sasa hivi unajua kuona vizuri kukoje, zamani ulikuwa hujui unakosa nini.

Sasa hiyo sakafu. Siku za mwanzo ni kawaida, ubongo unazoea, wengine hadi wiki 2, ila wiki ya 3 hapana, rudisha miwani. Na kabla hujaenda kumgombeza aliyekupima fanya hivi: kunjua mikono ya miwani, iweke kwenye meza iliyonyooka, bonyeza kwa kidole upande mmoja. Ikicheza kama stuli yenye mguu mfupi ujue fremu imepinda. Afu simama kwenye kioo uangalie mboni zako zimekaa wapi, moja iko katikati ya lenzi na nyingine imepanda juu? Basi hapo ndo penye shida. Kila lenzi ina kitovu chake na kinatakiwa kikae mbele ya mboni, ndio maana fundi anapima umbali wa mboni hadi mboni kwa milimita, na kama namba yako ni kubwa akikosea milimita chache tu misuli ya macho inavutana kutwa nzima kuunganisha picha mbili, kichwa lazima kigonge. Namba sahihi kabisa, miwani mbovu! Naiona sana hii. Usiinyooshe mwenyewe lakini, fremu ya plastiki bila kupashwa moto inavunjika mkononi.

Kuwaka ni kesi nyingine, na hapo miwani naitetea. Mtu akikaa tu anapepesa macho kama mara 15 kwa dakika, akikodolea skrini inashuka chini ya nusu, na hata hizo chache kope hazifungi vizuri, kwa hiyo machozi yanakauka juu ya jicho. Shusha skrini iwe chini kidogo ya usawa wa macho ili kope zifunike sehemu kubwa, geuza feni isikupige usoni, na kila dakika 20 angalia kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, ukipepesa kwa kufunga kabisa. Machozi ya bandia sawa, ila yale matone ya kuondoa wekundu achana nayo, ukiyazoea wekundu unarudi na wenzake. Na usikubali kuuziwa lenzi za kuzuia mwanga wa bluu kwa ajili hii, Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, mwaka 2023 walipitia majaribio 17 na hawakuona kama zinapunguza uchovu wa macho.

SWALI: Dokta nafuta miwani kwa tisheti, sasa ina ukungu usiotoka na pua imebaki na mashimo mawili. Nifanyeje?

JIBU: Tisheti ina vumbi, unapiga msasa lenzi kila siku. Maji ya bomba kwanza vumbi litoke, tone la sabuni ya vyombo, sugua kwa vidole, suuza, kausha kwa kitambaa laini. Maji ya moto hapana, yanapasua ile rangi ya juu, na kama ndo ishapasuka huo ukungu hautoki, ni lenzi mpya tu. Mashimo ya pua ni uzito kukaa sehemu moja, mwambie fundi apanue vile vipedi au akuwekee vya silikoni.

SWALI: Navaa -7. Tangu juzi jicho la kulia linanipiga vimulimuli pembeni hata gizani na kuna vidoti vyeusi vingi vinaelea kama mbu. Nibadilishe miwani?

JIBU: Hapana, na usisubiri toleo lijalo. Macho yenye minus kubwa, yale yasiyoona mbali, ni marefu, retina (ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) inakuwa imevutika na ni rahisi kuchanika, na hizo ulizotaja ndo dalili zake zenyewe. Ikichanika tu mara nyingi inazibwa kwa leza, ikishabanduka ni upasuaji, na ukiona kama pazia linashuka upande mmoja ujue imeanza kubanduka. Nenda hospitali yenye daktari wa macho leo hii, mwambie neno kwa neno ulivyoniandikia, na usiendeshe gari, watakutia dawa ya kupanua mboni na utatoka huoni vizuri kwa masaa kadhaa.